Kilimambogo: Mlima mtulivu baina ya vilele viwili vikuu vya Afrika

WASAFIRI wanaotoka Thika kuelekea Garissa huuona mlima mmoja mpana, wenye mgongo wa mviringo, ukiwa umejitenga upande wa kulia wa barabara. Huutazama, pengine wakauliza jina lake, kisha wakaendelea na safari zao. Ni wachache mno wanaokata kona, wakateremka garini na kuupanda.

Mlima huo ni Kilimambogo, ambao katika ramani na kumbukumbu za serikali huitwa Ol Donyo Sabuk. Kilele chake kiko mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho si cha kutisha katika nchi yenye Mlima Kenya wa mita 5,199. Hakuna barafu ya kukanyaga, hakuna jabali la kukwea kwa kamba, wala hapahitajiki mafunzo maalumu. Mwenye viatu imara, maji ya kutosha na subira ya saa chache anaweza kufika juu na kurejea nyumbani kabla ya jua kutua.

Hata hivyo, wepesi huo haupunguzi thamani ya mlima wenyewe. Aliyesimama kileleni asubuhi isiyo na mawingu huwa na Mlima Kenya upande wa kaskazini na Kilimanjaro upande wa kusini. Ni nadra kupata mahali pengine karibu na jiji la Nairobi ambapo mtu wa kawaida, kwa nguvu za miguu yake, anaweza kusimama baina ya milima miwili mirefu kuliko yote barani Afrika na kuitazama yote asubuhi moja.

Majina ya mlima

Majina ya mlima huu ni mengi kwa sababu jamii zilizouzunguka ni nyingi. Wamaasai, waliolisha mifugo yao katika nyanda za Athi, waliuita Ol Doinyo Sapuk, yaani mlima mkubwa. Wakamba huuita Kyanzavi. Jina la Kilimambogo nalo limetokana na mbogo, ambao wengine huwaita nyati, wanaoishi katika msitu wake hadi leo.

Kwa Wagikuyu, mlima huo ni Kianjahi, jina linalohusishwa na njahi, zao la jamii ya maharagwe ambalo pia limeupa jina msimu wa mvua ya masika. Katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichochapishwa mwaka wa 1938, Jomo Kenyatta aliutaja miongoni mwa milima minne iliyohesabiwa na jamii hiyo kuwa makao ya Ngai, akaueleza kuwa mlima wa mvua kubwa.

Maelezo hayo ya kale yanaafikiana na elimu ya hali ya hewa. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huvuka tambarare za Ukambani pasipo kizuizi kikubwa, kisha hukutana na mlima huu uliosimama peke yake. Hewa hulazimika kupanda. Inapopanda hupoa, na inapopoa unyevu wake hugeuka kuwa ukungu na mawingu. Ndiyo maana kilele cha Kilimambogo huweza kuwa kimejifunika blanketi la mawingu ilhali mashamba ya chini yanachomwa na jua. Wazee waliotazama mlima ili kujua kama mvua inakaribia hawakuwa wakibahatisha.

Unyevu huohuo ndio unaoulisha msitu mnene uliofunika sehemu kubwa ya mlima. Mwaka wa 1967 serikali ilitangaza eneo hilo kuwa mbuga ya taifa. Ni mbuga ndogo, takriban kilomita 20 mraba tu, ikilinganishwa na Mbuga ya Taifa ya Nairobi yenye kilomita 117 mraba. Udogo wake ndio sababu mojawapo ya watalii wengi kuipita. Wanaotaka kuona simba na tembo huenda kwingine, na mlima ukabaki na kimya chake.

Safari ya kupanda

Mbuga hii iko yapata kilomita 65 kutoka Nairobi, katika Kaunti ya Machakos. Anayetumia matatu husafiri hadi Thika, akapanda gari jingine linaloelekea soko la Donyo Sabuk kupitia barabara ya Garissa. Kutoka sokoni hadi langoni ni mwendo mfupi ambao wengi huumaliza kwa bodaboda au kwa miguu.

Kutoka langoni hadi kileleni kuna barabara ya udongo ya kilomita 9 inayopinda na kujikunja ubavuni mwa mlima. Mpandaji hupaa karibu mita 600 kutoka usawa wa tambarare. Watembeaji wa milima wana kanuni rahisi ya kukadiria muda: saa moja kwa kila kilomita 5 za mwendo, na saa nyingine moja kwa kila mita 600 za kupaa. Kwa hesabu hiyo, Kilimambogo huhitaji karibu saa tatu za kupanda kwa mtu mwenye afya ya wastani. Anayepumzika mara kwa mara na atenge saa nne. Kushuka huchukua muda mfupi zaidi, ingawa magoti ndiyo huulipa mzigo wake.

Sehemu ya kwanza ya njia hupita katika vichaka na miti mifupi. Jua huwa kali na kivuli ni haba. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo miti inavyorefuka, hewa ikapoa, na sauti za vijijini zikafifia. Hapo ndipo mgeni kutoka jijini hutambua kwamba muda umepita pasipo kusikia honi wala muziki wa matatu. Badala yake kuna ndege, upepo katika matawi, na mara kwa mara mlio wa kima au mbega warukao kutoka mti mmoja hadi mwingine. Wamo pia nyani, pongo na paa wadogo ambao huonekana kwa nadra, kwani hukimbia mapema wanaposikia hatua za watu.

Mnyama wa kuchukuliwa kwa uzito ni mbogo. Mlima haukupewa jina lake bure. Mbogo hupenda vichaka vizito, na dume mzee aliyejitenga na kundi huweza kushambulia bila ya onyo akishtuliwa kwa karibu. Kwa sababu hiyo, wanaopanda kwa miguu hutakiwa kuandamana na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Sharti hilo si urasimu wa kumchelewesha mgeni. Askari huzijua nyayo, huyajua mavi mapya na makavu, na hutambua ni kona ipi ya kupigwa kwa tahadhari. Mwenda pole hajikwai, na anayetembea na mwenye kuijua njia hufika salama zaidi.

Kaburi la tajiri

Baada ya takriban kilomita 7, njia hufika mahali palipo wazi penye makaburi. Hapo amelala Sir William Northrup McMillan, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka wa 1872 na kuja Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. McMillan alijulikana kwa utajiri, kwa kimo na unene wa mwili wake, na kwa shamba lake kubwa la Juja. Mwaka wa 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuwa mgeni wake huko alipokuja kuwinda.

McMillan aliaga dunia mwaka wa 1925. Inasimuliwa kwamba alitaka azikwe juu kabisa ya mlima, ambako angezitazama nyanda alizozipenda. Siku ya maziko, gari lililobeba jeneza lilishindwa kuendelea na mwinuko, na waombolezaji wakalazimika kumzika mahali lilipokwama. Mkewe, Lucie, aliyefariki mwaka wa 1957, alizikwa kando yake. Karibu nao amezikwa Louise Decker, aliyewatumikia kwa miaka mingi.

Jina la McMillan halikubaki mlimani pekee. Maktaba ya McMillan katikati mwa jiji la Nairobi ilijengwa na mkewe kwa kumbukumbu yake, ikafunguliwa mwaka wa 1931. Kwa miaka mingi maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi ilipofunguliwa kwa umma wote.

Historia hizo mbili zinastahili kusomwa pamoja. Katika enzi hiyo, vitabu vilikuwa vya wachache na ardhi yenye mandhari mazuri ilikuwa ya wachache. Mwananchi wa kawaida aliyeonekana katika mashamba makubwa alikuwa kibarua. Leo mwanafunzi wa shule ya kijijini anaweza kupita kando ya kaburi la tajiri huyo, akaendelea na safari kilomita mbili zaidi, na kufika pale ambapo jeneza la mwenye mali halikufika.

Yanayoonekana kileleni

Kwa kuwa msitu umesonga karibu na kilele, mandhari yote hayaonekani kutoka sehemu moja. Mpandaji huhitaji kuzunguka na kutafuta nafasi zilizo wazi. Juu kuna pia milingoti ya mawasiliano, ishara kwamba hata mafundi wa mitambo waliutambua mapema ubora wa mahali hapa. Penye kuonekana kutoka mbali ndipo mawimbi ya redio na simu yanapofika mbali.

Siri ya upana wa mandhari haya si kimo cha mlima pekee, bali upweke wake. Hakuna safu nyingine ya milima iliyo karibu ya kuukinga. Mtu aliyesimama mita 600 juu ya tambarare iliyo wazi anaweza, kwa hesabu ya mviringo wa dunia, kuona ardhi hadi umbali wa karibu kilomita 87. Milima mirefu huonekana hata ikiwa mbali zaidi, kwa sababu vilele vyake huchomoza juu ya upeo wa macho.

Kaskazini, takriban kilomita 110, ndiko uliko Mlima Kenya. Kaskazini-magharibi kuna safu ya Nyandarua, na mbele yake mashamba ya mananasi ya Thika yaliyopangwa kama jamvi. Magharibi, umbali wa karibu kilomita 50, huonekana majengo marefu ya Nairobi, na nyuma yake vilima vya Ngong. Kusini kuna nyanda za Athi na Kapiti pamoja na vilima vya Machakos. Mashariki ardhi huteremka kuelekea Yatta, ikizidi kuwa kavu na yenye rangi ya kahawia.

Kilimanjaro, kilicho zaidi ya kilomita 200 upande wa kusini, hakijitokezi kila siku. Wanaotaka kukiona hushauriwa kufika mapema. Jua linapopanda, ardhi hupata joto, hewa ya moto huinuka pamoja na vumbi, na mawingu huanza kukusanyika juu ya vilele. Kufikia adhuhuri, mlima mkubwa huweza kuwa umetoweka kabisa. Asubuhi za Januari na Februari huwa na anga angavu, na vivyo hivyo asubuhi inayofuata usiku wa mvua, wakati vumbi limeoshwa hewani. Mwezi wa Julai mawingu ya baridi huweza kuificha hata Thika.

Mto unaopendeza kwa mbali

Miongoni mwa vinavyoonekana kutoka juu ni mkondo wa Mto Athi unaopita chini ya mlima. Mahali fulani mto huo huporomoka kwenye majabali na kugawanyika katika mikondo mingi, na hapo ndipo palipopewa jina la Fourteen Falls, yaani maporomoko 14. Wapandaji wengi hupitia hapo wakielekea mlimani au wakirejea.

Ukitazamwa kutoka mlimani, mto huu ni utepe unaometameta. Ukikaribiwa, husimulia habari nyingine. Mto Nairobi hujiunga na Athi kabla ya maporomoko hayo, ukiwa umebeba majitaka na takataka za jiji. Povu jeupe na chupa za plastiki zilizonaswa kwenye mawe ni jambo la kawaida. Si busara kuogelea hapo, kwa sababu ya uchafu na kwa sababu ya nguvu ya maji yanayoweza kumvuta mtu miambani.

Maji hayo hayakomei hapo. Athi huendelea kuteremka Ukambani, ukawa Galana, kisha Sabaki, hadi ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Katika njia hiyo ndefu kuna wakulima, wafugaji na akina mama wanaoyateka kwa matumizi ya nyumbani. Anayesimama mlimani huona jiji upande mmoja na nchi kavu inayosubiri maji upande mwingine, na mto mmoja ukiviunganisha. Ni vigumu kupata darasa bora zaidi la kueleza kwa nini kinachotupwa mtaani Nairobi ni jambo linalomhusu mkaazi wa Kilifi.

Utulivu una gharama

Mlima wenyewe pia una shida zake. Zamani wanyama waliweza kushuka na kutembea katika nyanda. Leo mashamba na makaazi yameuzunguka, na mbuga imekuwa mithili ya kisiwa. Penye mpaka wa shamba na msitu migogoro haikosekani. Kima na nyani huvamia mahindi na matunda, na mkulima aliyepoteza mavuno haoni haraka uzuri wa kuwahifadhi. Kwa upande mwingine, kila mti unaokatwa kwa kuni au makaa, na kila moto unaowashwa kizembe wakati wa kiangazi, hupunguza msitu ambao tayari ni mdogo.

Wapo wanaopendekeza mlima utangazwe zaidi ili ulete mapato. Hoja hiyo ina uzito. Wageni wakiongezeka, vijana wa Donyo Sabuk watapata kazi za kuongoza watembeaji, wenye vibanda watauza vyakula, na jamii itauona msitu kuwa mali yenye faida. Lakini kelele, misongamano na taka ni majirani wa karibu wa umaarufu. Wanaovijua vilima vya Ngong wanafahamu jinsi mwisho wa juma unavyoweza kugeuza mahali pa kimya kuwa uwanja wa sherehe.

Jibu huenda liko katika namna ya kuzuru kuliko katika idadi ya wanaozuru. Kundi dogo linalotembea na askari, likanunua chakula chake sokoni badala ya kukileta chote kutoka jijini, na likateremka na taka zake, humfaidi mwenyeji bila ya kumharibia. Wahenga waliponena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone, hawakumaanisha mgeni wa kuacha chupa tupu.

Maandalizi ya mpandaji

Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye kutaka kutembea na awe langoni mapema, ili apate askari wa kumwandama na aanze kupanda kabla ya jua kuwa kali. Ada za kuingia hulipwa kwa njia ya kielektroniki, na ni vyema kuhakikisha viwango vyake kabla ya kuondoka nyumbani.

Kila mtu abebe maji lita mbili au tatu, kwa kuwa si busara kutegemea kuyapata njiani. Viatu viwe vya kushika udongo vizuri. Kofia itafaa upande wa chini na koti jepesi upande wa juu, kwani jasho hupoa upesi kileleni penye upepo. Wakati wa mvua barabara huwa na utelezi, na hata magari madogo hushindwa.

Wazee, walemavu na wasioweza kutembea mwendo mrefu hawajafungiwa nje. Wakati wa kiangazi, gari lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne linaweza kuwafikisha karibu kabisa na kilele kwa kuifuata barabara hiyohiyo. Wengine huchagua kupandishwa kwa gari na kushuka kwa miguu, wakiwa na askari.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, Nairobi ina wakaazi takriban milioni 4.4. Wengi wao huishi katika vyumba ambavyo dirisha lake hutazamana na ukuta wa jirani. Kwa watu kama hao, mahali pa kutazama mbali si anasa. Macho yaliyozoea ukuta na simu hupata nafasi ya kupumzika, na mtoto aliyezoea kuisoma ramani ya Kenya darasani huiona imetandazwa mbele yake, yenye milima, mito, mashamba na miji.

Kilimambogo kimebaki mtulivu kwa sababu kililindwa kabla ya vilima vingine kugawanywa viwanja na kuchimbwa mawe. Ulinzi huo haukutokea wenyewe, na hautadumu wenyewe. Utategemea sheria, utategemea majirani wa msitu, na utategemea kila anayepanda akakumbuka kuuacha mlima jinsi alivyoukuta.